Magonjwa ya zinaa, ujauzito na kupata mtoto: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Mimi ni muuguzi mkunga katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Nimekaa kwenye kliniki ya wajawazito miaka ya kutosha kujua kwamba swali kubwa haliulizwi mwanzoni. Mama atapimwa uzito, atapimwa presha, atachukua vidonge vyake vya kuongeza damu, ataaga, atafika mlangoni, halafu atageuka: "Sista, kuna kitu kingine." Maswali yaliyomo humu ndiyo hayo ya mlangoni. Nimeyaweka kwa maneno ya wenyewe kadiri nilivyoweza, bila jina la mtu.

Magonjwa ya zinaa ni yapi hasa?

Ni yale yanayopita kwa kujamiiana. Tunayokutana nayo ni kaswende, kisonono, klamidia, trikomona, pangusa (vidonda vya sehemu za siri vinavyouma), malengelenge ya sehemu za siri, masundosundo (vinyama vinavyoota sehemu za siri), VVU na homa ya ini aina ya B. Kaswende, kisonono, klamidia, trikomona na pangusa yanatibika yakaisha kabisa. Yale ya virusi hayana dawa ya kuyamaliza moja kwa moja, lakini yanadhibitiwa, na mtoto aliye tumboni anaweza kukingwa.

Fangasi si ugonjwa wa zinaa. Hata binti ambaye hajawahi kulala na mwanaume anaweza kuipata, na wajawazito huipata kirahisi zaidi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona ndoa ikitikisika kwa ajili ya fangasi.

Nimetibiwa UTI mara nne mwaka huu na bado inarudi. Wanasema ni UTI sugu. Inaweza kuwa kitu kingine?

Inaweza kabisa. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na yapo kweli, tena kwa wajawazito ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Shida ni kwamba siku hizi neno UTI limekuwa kapu la kutupia kila kitu cha chini ya kitovu. Mtu anaona haya kusema "natokwa na uchafu", anasema "nina UTI". Anaenda duka la dawa, anapewa vidonge vya UTI, anapata nafuu wiki moja, mwezi unaofuata yuko palepale dirishani.

Klamidia na kisonono vinachoma mkojo vilevile. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinaweza kuonyesha usaha bila kusema umeletwa na mdudu gani. Kwa hiyo ukimwambia daktari "mkojo unachoma" ukaishia hapo, naye atatibu mkojo. Mwambie yaliyobaki: kama uchafu ni wa njano au kijani au una harufu, kama tumbo la chini linauma, kama unaumia wakati wa tendo, kama unaona damu baada ya tendo au katikati ya mwezi, kama mumeo naye analalamika. Sentensi mbili tu zinaweza kubadilisha tiba nzima.

Na tafadhali usinunue dawa nusu dozi. Mdudu wa kisonono amezizoea dawa moja baada ya nyingine. Sipro, ambayo zamani ilimaliza kazi, leo haitegemewi tena, na tegemeo kubwa limebaki sindano ya seftriaksoni. Kwa mjamzito kuna jambo la ziada: doksi, ambayo watu wengi wanaifahamu kama dawa ya klamidia, hatumpi mwenye mimba. Yeye hupewa azithromaisini. Ukienda kununua dawa ya aina hiyo bila kusema kwamba mwezi wako umepitiliza, unaweza kuuziwa isiyokufaa.

Mimi sina dalili yoyote. Kwa nini nipimwe?

Kwa sababu magonjwa haya mengi yananyamaza kwa mwanamke. Wengi wenye klamidia hawasikii chochote. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, mara nyingi kipo ndani ambako hukioni, na baada ya wiki chache kinapona chenyewe. Wewe unasahau, ila mdudu anabaki kwenye damu miaka na miaka.

Ndiyo maana tunataka uje kliniki kabla mimba haijafika wiki 12, na ndiyo maana siku ya kwanza tunakutoboa kidole kwa ajili ya VVU na kaswende. Hatukupimi kwa kukushuku. Mke wa sheikh anapimwa, mke wa mchungaji anapimwa, mwalimu anapimwa, na wakunga wenzangu wakishika mimba wanapimwa.

Huku kwetu kuna desturi ya kuficha mimba mpaka ionekane yenyewe, kwa kuogopa jicho la watu. Ninaielewa, hata mama yangu aliificha. Lakini kliniki si uwanjani. Unaweza kuificha kwa majirani ukaileta kwetu.

Kaswende inamfanyaje mtoto aliye tumboni?

Hapa nitakaa kidogo, maana kati ya magonjwa yote niliyoyataja huu ndio unaoniumiza zaidi. Unaua watoto wengi, na dawa yake ni ya zamani, ya bei ndogo, na inafanya kazi.

Mdudu wa kaswende anapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Anaweza kufanya hivyo wakati wowote wa ujauzito. Mimba inaweza kutoka. Mtoto anaweza kufia tumboni mimba ikiwa kubwa, akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mdogo sana. Wengine wanazaliwa wakionekana wazima, kisha ndani ya wiki au miezi wanaanza: mafua yasiyokoma, ngozi ya viganja na nyayo kubabuka, manjano, tumbo kuvimba kwa sababu ya ini na wengu, au mkono mmoja usiochezeshwa kwa kuwa mfupa unauma. Wasipotibiwa, baadaye masikio, macho na meno huathirika.

Jirani zetu wa Mwanza walitusaidia kulijua jambo hili kwa hesabu. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliokuwa na kaswende ya kiwango cha juu isiyotibiwa, asilimia 25 walijifungua mtoto mfu. Waliopimwa wakiwa wajawazito na kuchomwa sindano moja ya penisilini, hatari yao ilishuka mpaka ikalingana na ya wanawake wasio na kaswende. Robo nzima ya watoto, kwa sindano moja.

Nimekutana na mama aliyezika watoto watatu kabla hajafika kwetu. Nyumbani walishasema amerogwa, wakataja na jina la jirani. Alipopimwa alikuwa na kaswende, na mumewe pia. Walichomwa wote wawili. Mtoto wa nne anasoma sasa. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akasema andika, maana yule jirani mpaka leo hasalimiwi.

Tiba ya kaswende ni ipi? Nikiogopa sindano siwezi kupewa vidonge?

Kwa mjamzito, hapana. Penisilini ya sindano, ile nzito inayoitwa benzathini, ndiyo inayomfikia mtoto vizuri. Dozi ni yuniti milioni 2.4 kwenye msuli wa tako. Kaswende ya karibuni hutibiwa kwa sindano moja. Ikiwa ni ya siku nyingi, au haijulikani ilianza lini, unachomwa tatu, moja kila wiki. Inauma, sitakudanganya, na siku hiyohiyo unaweza kupata homa na mwili kuuma kwa sababu wadudu wanakufa. Homa hiyo hupungua ndani ya siku moja. Ukiona mtoto hachezi kama kawaida au tumbo linabana, rudi usiku huohuo.

Tunataka umalize tiba angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Tiba ikikaribia uchungu, mtoto naye atahitaji kuchunguzwa na kutibiwa. Kama penisilini iliwahi kukuletea vipele au kubanwa pumzi, sema kabla sindano haijavutwa. Utapelekwa hospitali ambako mwili unaweza kuzoeshwa dawa taratibu chini ya uangalizi.

Nilitibiwa kaswende mimba iliyopita, sasa kipimo kimesoma tena. Ina maana sikupona?

Si lazima. Kile kipimo cha haraka cha kidole kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na kaswende, na askari hao hubaki hata vita ikiisha. Kwa watu wengi kinasoma maisha yote. Kuna kipimo kingine cha maabara kinachoonyesha kama ugonjwa uko hai sasa, ambacho namba zake hushuka baada ya tiba. Onyesha kadi yako ya zamani. Kama hicho cha pili hakipatikani siku hiyo, mara nyingi tutaona ni heri kukuchoma tena kuliko kubahatisha na mtoto. Usichukue majibu hayo kuwa ushahidi kwamba mumeo amerudia mambo.

Mume wangu ni mvuvi, hayupo. Nikitibiwa mimi peke yangu haitoshi?

Haitoshi. Utapona leo, atarudi na ugonjwa uleule, na mimba ni ileile. Mtoto hana habari kwamba ulishatibiwa mara ya kwanza.

Kwa wavuvi wa dagaa nina ushauri ninaoutoa kila mwezi. Kazi yao inafuata giza: mwezi ukiwa mdogo wako ziwani na taa zao, mbalamwezi ikiwaka wanakaa nchi kavu kutengeneza nyavu. Siku za mbalamwezi ndizo za kumleta. Akina mama wa Kibirizi na Katonga wanaijua kalenda hiyo kuliko mimi, kwa hiyo wakiniambia "sista, subiri mwezi ujae", ninaandika tarehe kwenye kadi. Mpaka siku hiyo, hakuna kukutana bila kondomu, na baada ya sindano au vidonge mnakaa siku saba bila tendo, wote wawili, mkianza kuhesabu siku ambayo wa mwisho ametibiwa.

Unaogopa kumwambia? Wengi wanaogopa, na wengine wana sababu ya kweli ya kuogopa. Tunaweza kukuandikia karatasi ya kumwita mwenza isiyotaja ugonjwa. Tunaweza kumwambia sisi, wewe ukiwepo au usipokuwepo. Maneno yanayofanya kazi mara nyingi ni haya: "Kliniki wanataka baba na mama wapimwe pamoja kwa ajili ya mtoto." Si uongo, ndio utaratibu wetu. Kama unajua utapigwa, tuambie hilo kwanza, kabla ya jambo lolote. Tutapanga namna nyingine.

Na akina baba mnaosoma: wanaume wanaosindikiza wake zao wanakaa kwenye benchi wakitazama chini kana kwamba wameitwa polisi. Karibuni. Hakuna anayewacheka.

Kisonono na klamidia vinamfanyaje mtu asipate mimba?

Vinaanzia mlangoni mwa kizazi. Visipotibiwa vinapanda: vinaingia kwenye mfuko wa uzazi, kisha kwenye mirija, ile miwili inayopokea yai kutoka kwenye ovari. Huko ndani mrija una vinywele vidogo sana vinavyopepea na kulisukuma yai taratibu. Maambukizi yanaviunguza, yanaacha makovu, na kovu halirudi kuwa mrija. Pengine njia inaziba kabisa, yai na mbegu havikutani. Pengine inabaki upenyo mdogo: mbegu inapita, lakini yai lililorutubishwa halipiti kurudi.

Hayo maambukizi yaliyopanda ndiyo watu wanaita PID. Mtafiti wa Uswidi aitwaye Weström aliwafuatilia wanawake kwa miaka mingi akaona hivi: waliougua mara moja, karibu 8 kwa kila 100 mirija yao ilishindwa kufanya kazi, waliougua mara mbili, karibu 20, mara tatu, 40. Namba hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. Kuugua mara moja si hukumu, wengi walizaa. Lakini kila kurudia kunakula nafasi yako, ndiyo maana nilisisitiza mwenza naye atibiwe.

Jambo ambalo watu hawalitegemei ni kwamba mirija inaweza kuharibika bila maumivu makali. Mwanamke anakuja ana miaka 30, ametafuta mtoto miaka mitano, hakumbuki kuugua. Alikuwa na klamidia iliyonyamaza akiwa na miaka 19.

Wazee wetu waliliona hili kwa kiwango kikubwa. Katikati ya karne iliyopita kulikuwa na maeneo ya Afrika ya Kati, pamoja na sehemu za Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa letu, ambako wanawake wengi walifika uzeeni bila mtoto hata mmoja. Waliochunguza waliona kwamba magonjwa ya zinaa, kisonono hasa, yalikuwa na mkono mkubwa. Watu wa vijiji hivyo walisingiziwa laana, kumbe ni kovu kwenye mrija.

Mimba kutunga nje ya kizazi inahusiana na magonjwa haya?

Sana. Yai likikwama kwenye mrija wenye kovu, mimba inaanza kukua humo. Mrija si mahali pa mtoto: unapasuka, na damu inamwagika tumboni. Kama mwezi wako umepitiliza, hata kwa siku chache, ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega, usisubiri asubuhi, usinywe mizizi, usilale kuona kama itapoa. Hiyo ni ya upasuaji siku hiyohiyo. Mkoani kwetu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni inapokea dharura hizi, na hospitali za wilaya zenye chumba cha upasuaji pia. Kwa mnaokaa mwambao, kama Kagunga, ambako njia ni maji, nawaomba mjue mapema boti ya nani inaweza kuwashwa usiku. Damu nje ikiwa kidogo isikudanganye, kubwa iko ndani.

Ukweni wananiita mgumba. Mume anasema yeye ni mzima kwa kuwa nguvu anazo. Je, mwanaume anaweza kuwa na tatizo?

Nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na nguvu za simba na asiwe na mbegu hata moja inayotoka. Kisonono na klamidia vinapanda kwa mwanaume pia: vinafika kwenye mfereji uliojikunja nyuma ya korodani, mahali mbegu zinapokomaa. Korodani inavimba, inauma, inapoa, na njia inabaki imeziba. Upande mmoja ukiziba bado kuna matumaini. Zikiziba zote mbili, mbegu hazina pa kupita.

Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, kuna tatizo upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na la mke. Na hapa ndipo ninapokasirika. Mwanamke anapitishwa kwenye vipimo vya kuumiza, anapelekwa kwa waganga watatu, anaandamwa na mawifi, mpaka anatafutiwa mke mwenza, wakati mume hajawahi kutoa hata tone kwenye kichupa. Kipimo cha mbegu hakiumi. Anakaa siku mbili mpaka saba bila tendo, anatoa mbegu kwenye chombo safi, zinafika maabara ndani ya saa moja. Nauli ya kwenda kwa mganga Uvinza inaweza kuwa kubwa kuliko gharama yake. Anza na hicho. Na kuwa na mtoto wa zamani na mwanamke mwingine si ushahidi, maana ugonjwa unaweza kuwa umeingia baada ya mtoto huyo.

Mtoto wangu amezaliwa, siku ya tatu macho yanatoa usaha. Nimeambiwa nimkamulie maziwa.

Usimkamulie maziwa machoni. Njoo leo. Kisonono kinamshika mtoto wakati anapita njia ya uzazi, na usaha mzito wenye kope kuvimba kati ya siku ya pili na ya tano unaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya muda mfupi. Klamidia huchelewa zaidi, huanza kati ya siku ya tano na wiki mbili, na inaweza kushuka mapafuni ikamletea nimonia mtoto wa mwezi mmoja hadi mitatu, anayekohoa bila homa kubwa. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini anayopakwa mara tu akizaliwa ni kwa ajili ya kumkinga. Ukijifungulia nyumbani kwa bahati mbaya, mlete siku hiyohiyo apakwe. Na macho yakishatoa usaha, mafuta hayo peke yake hayatoshi. Mtoto atahitaji dawa ya kuingia mwilini, na ninyi wazazi wawili mtatibiwa pia.

Nina VVU. Ninaweza kuzaa mtoto asiye navyo?

Ndiyo, na watoto wa namna hiyo tunawaona kila wiki wakikimbiakimbia hapa kliniki. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 mpaka 45 wanaambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au wakinyonya. Mama akimeza ARV vizuri, wanashuka chini ya 5. Mtoto naye anapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, na akifika wiki sita anatobolewa kisigino kwa kipimo chake cha kwanza. Mnyonyeshe maziwa yako peke yake miezi sita, bila maji, bila uji, ukiendelea na dawa zako kila siku.

Kama mmoja ana VVU na mwingine hana na mnataka mtoto, njooni kabla ya kuanza kutafuta. Virusi vya aliye navyo vikishuka mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na asiye navyo anaweza kupewa dawa kinga kwa kipindi hicho. Mliopima hamna mwanzoni mwa mimba, rudieni mimba ikikua na wakati wa kunyonyesha. Anayeambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha huwa na virusi vingi sana kwenye damu, na mtoto yuko karibu.

Malengelenge na masundosundo je? Nitafanyiwa upasuaji?

Malengelenge yanayonitia hofu ni yale yanayotokea kwa mara ya kwanza maishani miezi mitatu ya mwisho, kwa kuwa mama hajapata kinga ya kumpa mtoto. Hapo, au kama kuna vidonda siku ya uchungu, daktari anaweza kuamua upasuaji. Kama ni ya zamani yanayojirudia, hatari kwa mtoto ni ndogo zaidi. Masundosundo huweza kukua wakati wa mimba na mara nyingi hupungua ukishajifungua. Ni nadra kuzuia njia, na hayafungi kizazi. Yanatokana na virusi vya HPV, na aina nyingine za virusi hivyo ndizo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ya wasichana ilianza nchi nzima mwaka 2018, na wewe mama mwenyewe unaweza kuchunguzwa mlango wa kizazi.

Na homa ya ini?

Aina ya B inapita kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na mtoto anayeipata akiwa mchanga mara nyingi sana, hadi 9 kati ya 10, hubaki nayo maisha yote. Uliza kipimo chake. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zina kinga yake ndani, usiziruke. Ukijulikana unayo, mpango wa mtoto unaandaliwa kabla hujajifungua.

Kuna mama anauza dawa ya kusafisha kizazi na kuzibua mirija. Nitumie?

Usitumie. Kovu la mrija halizibuliwi kwa majani ya kuchemsha wala kwa kitu cha kuweka ukeni. Vitu vinavyowekwa ndani, iwe ni unga wa miti, shabu, sabuni au limao, vinaunguza ngozi laini, vinaua wadudu wema wanaoulinda uke, na kuufungulia mlango ugonjwa mwingine. Kujisafisha kwa kidole na maji mpaka ndani kunaweza kusukuma maambukizi juu. Uke unajisafisha wenyewe. Osha nje kwa maji tu.

Siwadharau bibi zetu. Mimi mwenyewe nilikandwa na bibi nilipojifungua, na uji wake wenye mawese sijausahau. Lakini anayeuza chupa kwa shilingi elfu themanini akiahidi mimba ndani ya mwezi, huyo anauza huzuni yako.

Nimetibiwa nimepona. Nisubiri muda gani kabla ya kusema kuna tatizo?

Kama mnakutana mara kwa mara bila uzazi wa mpango, mwaka mmoja. Ukiwa umefika miaka 35, miezi sita. Kama uliwahi kuugua PID, au mimba ilitunga nje, usisubiri hata hiyo. Mkianza uchunguzi, mume atoe mbegu kwanza, halafu wewe upigwe picha ya mirija kwa dawa maalumu inayoonyesha kama njia iko wazi. Mrija mmoja ukiwa mzima, wanawake wengi wanashika mimba. Ikiziba yote miwili, kuna upasuaji kwa baadhi, na kuna upandikizaji wa mimba, ambao kwa watu wa huku maana yake ni safari ya Dar es Salaam na fedha nyingi. Nakuambia ili ujue mapema, usije ukamaliza akiba kwenye chupa.

Niende wapi, na nibebe nini?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Vipimo vya VVU na kaswende vinafanyika huko, na kwa sera ya nchi huduma za mjamzito kwenye kituo cha serikali hazilipiwi. Ukihitaji zaidi utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Kasulu, Kibondo au uliko, au Maweni. Beba kadi ya kliniki, hata ya mimba ya zamani, na pakiti za dawa ulizokwisha kumeza, hata zikiwa tupu. Kama umeanza sindano tatu na una safari ya treni katikati, tuambie tukuandikie barua uchomwe huko unakokwenda. Ukipitisha siku nyingi, huenda tukaanza kuhesabu upya. Ukifika asubuhi, sema "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, kwa aliye dirishani na uombe kuonana na mkunga faragha. Huna haja ya kueleza sababu mbele ya foleni.